Pampu Iliyogeuzwa Ngozi

Kijiji cha Ujamaa Juhudi,
kwa mkono wa Stesheni Masta, Tura.
12 Novemba 1974

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo Maua naye mpe shikamoo yake. Ningekuuliza habari za soko na mvua za Tabora, lakini leo sina moyo huo, unisamehe.

Lugembe amefungwa. Si polisi, ni hapa hapa kijijini, ndani ya ghala la tumbaku, mgambo wawili mlangoni. Juzi Jumapili injini ya maji, ile uliyoitengeneza mwezi wa tisa, ilinguruma vizuri kama saa moja hivi. Mara mlio ukaanza kupanda wenyewe bila mtu kuigusa, ukapanda, ukapanda, halafu kimya. Ukivuta kamba haizunguki.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Kornel, akaamuru ifunguliwe mbele ya watu. Pistoni imechubuka na kuungua. Akasema, "Hii haikupata oili. Oili imekwenda wapi?" Wewe unajua injini hizi ndogo hazina oili ya pembeni, zinakunywa ile inayochanganywa na petroli. Mchanganyaji ni Lugembe na ufunguo wa stoo anao yeye. Basi mtu mmoja akanong'ona kwamba anawauzia oili madereva wa malori, na kufika jioni hakuna aliyebaki asiyejua. Sasa mume wangu anaitwa mhujumu.

Baba Mdogo, kaya mia mbili tumeletwa hapa mwaka huu na Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na maji yetu ni ya injini hiyo tu. Vitalu vya tumbaku vinakauka. Wanawake wanakwenda kuomba maji stesheni, na wakipita mlangoni kwangu wanatema mate. Jumamosi tarehe 30 kamati itakaa. Isipoonekana sababu nyingine, Lugembe anapelekwa wilayani kwa kesi ya hujuma, na wanaokwenda huko na neno hilo hawarudi upesi.

Mimi namjua mume wangu. Anaweza kusahau kununua chumvi, hawezi kusahau oili. Wewe ndiye uliyenilea baada ya Baba Abasi kufariki, na kwenye karakana yako ndiko nilikojulia spana kabla sijajua mwiko. Niambie niipimeje hii injini ili iseme ukweli.

Mwanao,
Batuli Abasi


Ng'ambo, Tabora.
15 Novemba 1974

Batuli mwanangu,

Marahaba. Kwanza futa machozi, yanatia vyuma kutu.

Huyo Kornel wako amejua lini injini? Mimi Mfaume nimeanza kuziba mipira ya baiskeli kabla yeye hajajua kuvaa viatu, na kutoka kwenye mipira nikapanda mpaka kwenye injini bila shule ya mtu. Asinitishe na pistoni iliyochubuka.

Sikiliza. Ile pistoni iloweke katika mafuta ya taa siku mbili, itaachia, kisha isugue kwa msasa laini uirudishe. Halafu ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukikaze kwa ubao na bolti. Mahali pa kabureta weka ubao mwingine wenye mpira, na ndani yake upitishe valvu ya baiskeli. Mwombe dresa wa zahanati ile saa ya kupimia presha ya watu, uichomeke mahali pa plagi kwa kizibo kilichotobolewa. Ishushe pistoni mpaka chini. Sasa ujaze upepo kwa pampu ya baiskeli, taratibu, mshale ufike mia mbili na hamsini, usizidishe. Ukisimama, tumbo la injini ni zima. Ukishuka, paka povu la sabuni kila kiungo, na panapotoa mapovu ndipo pabovu.

Watu wa mjini wanasema kipimo hiki lazima mashine ya Ulaya. Waache waseme. Mimi hivyo ndivyo nilivyoipima injini yenu na ilishika sawasawa. Kama sasa haishiki, basi iligongwa kwenye lori lenu, na kosa ni la dereva. Karatasi yangu ya kazi iko ofisini kwenu, kila kitu kimeandikwa: beringi mpya, sili mpya, zile pete za mpira zinazokaba ekseli upepo usipite. Wasome.

Mama Mdogo wako anasema ule, usijikondeshe kwa ajili ya maneno ya watu.

Baba yako mdogo,
Mfaume Shomari


Juhudi, Tura.
18 Novemba 1974

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nimefanya kama ulivyoniambia, neno kwa neno. Hilari wa zahanati alileta saa yake ya presha mwenyewe, akakaa nayo karibu kama mtu aliyeazimwa mke. Kijiji kizima kilisimama. Mgambo walimtoa Lugembe aone, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Amekonda, Baba Mdogo. Tulitazamana mara moja tu, nikainama kwenye kazi.

Nikapiga pampu mpaka mia mbili na hamsini. Hilari akatazama saa ya mkononi. Dakika kumi nzima, mshale haukutikisika. Nikapaka povu kila mahali, hakuna palipotoa hata povu moja.

Mimi nilikuwa nafurahi! Nilifurahi kwa sababu kazi yako ilikuwa nzuri, nikasahau nimeifanya kwa ajili ya nini. Ndugu Kornel akageuka kwa watu akasema, "Mmeona wenyewe. Injini haina kosa. Kosa ni la mtu." Katibu akaandika. Wakamrudisha Lugembe ghalani, na safari hii mgambo mmoja alimsukuma.

Kwa hiyo kipimo chako kimemfunga zaidi kuliko maneno ya madereva. Baba Mdogo, hakuna kingine? Fikiri. Zimebaki siku kumi na mbili.

Batuli


Ng'ambo, Tabora.
20 Novemba 1974

Batuli,

Nimeipata barua yako.

Injini imeshika, basi imeshika. Hakuna kipimo kingine. Mimi sikumwona Lugembe akichanganya petroli na wewe hukumwona kila siku. Mwanamume akiwa na ufunguo wa stoo hujaribiwa, wala si wa kwanza. Mwambie akiri, aombe msamaha wa wanakijiji, aseme ni shida iliyomsukuma. Pengine watampa adhabu ya kulima shamba la ujamaa na yataisha.

Injini iache hivyo hivyo. Usiifungue tena. Ukiifungua fungua watasema na wewe uko pamoja naye.

M. Shomari


Juhudi, Tura.
24 Novemba 1974

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Uliniambia nisiifungue. Nimeifungua.

Barua yako ilinikaa vibaya. Si kwa sababu ulimtukana Lugembe, ni kwa sababu tangu nikiwa mtoto sijawahi kukusikia ukisema "iache hivyo hivyo". Nikakaa mbele ya ile injini nikawa naizungusha kwa mkono, naizungusha tu. Pistoni ikipanda, tumbo linavuta. Ikishuka, tumbo linasukuma. Nikajiuliza, sisi tumeipima nini? Tumeipima kusukuma peke yake! Mpira wa baiskeli kazi yake ni kushika upepo usitoke, na wewe uliona kila kitu kwa jicho la mpira wa baiskeli, ukanifundisha na mimi hivyo. Lakini injini lazima pia izuie upepo wa nje usiingie.

Basi nikachukua pampu ile ile, nikafungua, nikaitoa ngozi yake ya ndani na kuigeuza, mdomo wake utazame upande wa pili. Pampu iliyogeuzwa ngozi haijazi, inanyonya. Na ile valvu nikaitoa kidude chake cha ndani, maana chenyewe huruhusu upepo kuingia tu. Kila nikisukuma mkono kurudi naubana mpira kwa vidole ili upepo usirudi. Ile saa ya presha haijui kunyonya, kwa hiyo Hilari akanipa mpira mrefu wa dripu. Ncha moja nikaichomeka mahali pa plagi, nikaupitisha mpira juu ya mwamba wa nyumba, na ncha ya pili nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji niliyotia wino. Nikanyonya. Maji ya wino yakapanda ndani ya mpira mpaka usawa wa dari. Nikaziba. Kabla sijahesabu kumi yalikuwa yamesharudi ndooni.

Nikarudia mara sita. Mara ya saba nikadondosha oili tone tone kwenye kila kiungo. Upande wa gurudumu la sumaku, tone likavutwa ndani mbele ya macho yangu. Nikatoa gurudumu.

Baba Mdogo, karatasi yako inasema sili mpya. Ile sili ni kuukuu. Ukingo wake umekauka umekuwa mgumu, na ule waya mwembamba wa springi unaoubana ukingo kwenye ekseli haupo kabisa. Ukijaza upepo, upepo wenyewe unaukandamiza ukingo na inashika. Injini ikivuta, ukingo unainuka na hewa inaingia. Hewa nyingi, petroli kidogo, oili kidogo. Ndiyo maana mlio ulipanda. Ndiyo maana pistoni iliungua. Lugembe alitia oili yake yote.

Hakuna aliyeniona ila Hilari, naye nimemwomba anyamaze. Sijamwambia mtu. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ni baba yangu.

Niambie nimekosea.

Batuli


Ng'ambo, Tabora.
26 Novemba 1974

Batuli,

Barua hii uisome ukiwa peke yako kisha uichome.

Hukukosea. Dukani kwa Popatlal sili hazijaonekana tangu mwezi wa saba. Sijui kama unajua hali ilivyo huku, hata springi ya kitanda hupati. Nikatoa sili kwenye pikipiki moja mbovu iliyolala uani. Nikaipima kwa upepo, ikashika, nikasema alhamdulillahi. Ofisi hawapokei mashine kama karatasi haikuandikwa "mpya", na kila siku wananiuliza iko wapi, wananchi wanakufa kiu. Nikaandika mpya. Wallahi sikudhani itaua injini. Wala si injini yenu peke yake, ziko nyingine mbili, vijiji vingine.

Sasa fikiri. Lugembe akipatikana na kosa ni kosa la kopo la oili. Mimi nimeandika uongo kwenye karatasi ya serikali mara tatu. Mimi ndiye mhujumu hasa. Nitafungwa, karakana itachukuliwa, Maua atakwenda wapi? Rudisha gurudumu mahali pake. Jumamosi nyamaza. Mume hupatikana, Batuli. Aliyekulea hupatikana wapi?

M.


Juhudi, Tura.
27 Novemba 1974

Baba Mdogo,

Barua yako sikuichoma, lakini hakuna atakayeiona.

Umesema mume hupatikana. Maneno hayo nisingependa kuyasikia hata kwa adui. Wewe ndiye uliyesimama na Lugembe siku ya ndoa ukamshika mkono ukamwambia, "Nimekupa mwanangu." Na hizo injini nyingine mbili, nani yuko ghalani kwa ajili yake? Umeuliza?

Mficha uchi hazai. Jumamosi nitapima kwa kunyonya mbele ya kamati na maji yatasema yenyewe. Jina lako sitalitaja. Lakini wakiniuliza sili hii aliitia nani, Baba Mdogo, mimi sitajua pa kuuweka uso wangu. Nakuomba kwa jina la Baba Abasi unisaidie kujua.

Batuli


Ng'ambo, Tabora.
29 Novemba 1974

Batuli,

Leo naandika mimi Maua. Salamu utazipata siku nyingine.

Ulimwandikia nini baba yako? Tangu jana hajala. Barua aliisoma amesimama, akaitia kwenye jiko la mkaa mbele yangu, nilipomuuliza akasema ni habari za mvua. Mvua gani inayochomwa? Leo kutwa amezunguka maduka ya Wahindi, kwa Popatlal, kwa Malek, hadi kwa wale wasiouza vyuma, hasemi anatafuta nini. Karudi na vumbi mpaka kwenye kope, kaingia chumbani, kajifungia.

Mimi nimeshaelewa. Mumeo kaiba oili, na wewe unamkamua mzee aende kumwombea huko, ajidhalilishe kwa watu asiowajua. Tulikulea kama wetu, nilikutoa chawa kwa mikono yangu hii. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea. Mwache mzee apumue! Kama Lugembe kala vya watu, avitapike mwenyewe.

Maua


Juhudi, Tura.
1 Desemba 1974

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya kunitukana nimeipata jana asubuhi, na aliyeniletea ni Baba Mdogo mwenyewe. Alishuka kwenye treni na mfuko wa spana, akanipa barua yako, akasema, "Mama yako ana hasira, hajui kitu." Nami sikuthubutu kumuuliza amekuja kufanya nini. Sasa nakuandikia kila kitu, kwa sababu ameniomba nikuandikie mimi.

Kamati ilikaa chini ya bati la ofisi. Nikaiweka injini mezani, nikapitisha mpira juu ya mwamba, ndoo ya wino chini. Baba Mdogo alisimama nyuma kabisa, miongoni mwa watu, kofia ameishika mkononi. Nikanyonya, maji yakapanda, watu wakasema "Aaa!" Nikaziba. Yakashuka yote. Ndugu Kornel akasema, "Sasa hii maana yake nini? Mbona siku ile ilishika?" Nikaeleza kuvuta na kusukuma. Akanielewa, si mjinga yule. Akasema, "Kwa hiyo kuna kitu kibovu ndani. Nani alikitia?"

Mama Mdogo, niliinua macho. Mbele yangu Lugembe na kamba zake, nyuma ya watu Baba Mdogo. Nikainama, nikawa naukunja mpira wa dripu. Kornel akauliza mara ya pili.

Ndipo Baba Mdogo akasema kwa sauti yake ile ya karakana, "Nilikitia mimi. Mfungueni kijana." Akapita katikati ya watu mpaka mezani. Akadondosha oili pale kwenye sili, wakaona inavyovutwa. Akaitoa, akaizungusha mkononi mwa kila mjumbe, akawaonyesha palipokosa springi. Akasema, "Niliandika mpya. Niliandika uongo. Huyu kijana hakuiba hata tone." Halafu akatoa sili mbili mpya kwenye mfuko wa shati, hizo ndizo alizokuwa akizitafuta madukani, akazitia mwenyewe. Nikanyonya tena. Maji yakapanda usawa wa dari yakakaa hapo hapo. Hilari alihesabu dakika kumi na hakuna aliyekohoa.

Injini iliwaka mvuto wa tatu. Maji yalipotoka bombani wanawake walipiga vigelegele, na wale wale waliokuwa wakitema mate mlangoni kwangu wakanikumbatia. Lugembe alifunguliwa. Nilimshika mikono, kamba ilikuwa imemchuna mpaka nyama. Nililia kwa nguvu, sikuona haya.

Na Baba Mdogo wakamtia ghalani, pale pale alipotoka Lugembe.

Leo asubuhi walikuja watu wa wilaya. Wakaandika maelezo. Wakasema aliyegundua sili lazima atie saini kuwa shahidi, kwamba aliikuta kuukuu na karatasi ikasema mpya. Nikakataa. Nikawaambia anifunge anayetaka, sitii saini. Wakanipeleka ghalani kwake, wakidhani yeye ndiye aliyenishawishi nikatae. Alikuwa ameketi juu ya gunia. Lugembe alikuwa naye, ndiye aliyempelekea ugali, na walikuwa wakila sahani moja.

Akaniambia, "Saini, Batuli. Ulipima vizuri kuliko mimi. Usije ukaharibu kipimo chako kwa kunionea huruma." Nikamwambia, "Baba, mkono hauendi." Akanishika mkono kama alivyonishika nilipokuwa najifunza kuandika jina langu, lakini hakuusukuma. Aliushika tu, nami nikaichukua kalamu.

Nikatia saini. Wamemchukua kwa treni ya mchana. Atakapofika huko aliniambia atawatajia vijiji vile viwili vingine kabla hawajamuuliza, injini zizimwe mapema.

Mama Mdogo, nimemtoa mume wangu na nimemtia ndani baba yangu, kwa pampu moja. Ukinilaani nitajua kwa nini.

Batuli


Ng'ambo, Tabora.
14 Desemba 1974

Batuli,

Barua yako niliisoma, nikaichana, nikaokota vipande nikavisoma tena. Kumbe mwizi niliyekuwa namtukana kutwa nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Lugembe mwombee radhi kwa niaba yangu, mimi nitamwomba kwa kinywa changu nikimwona.

Baba yako wamemwachia juzi Alhamisi, baada ya siku kumi na moja. Walisema alijitaja mwenyewe na injini zile mbili zilizimwa kabla hazijafa, kwa hiyo hawakumpeleka mahakamani. Lakini wamemnyang'anya kibali cha kutengeneza mashine za serikali, na kibao cha karakana wamekishusha mbele ya majirani. Batuli, nilikiona kikishushwa. Miaka ishirini na mbili jina lake lilikuwa pale. Nilikuchukia siku ile kuliko ninavyoweza kuandika, na leo sijakusamehe bado, nisikudanganye.

Yeye hakulaani. Anakaa ukumbini mikono mapajani, nikimletea chai inapoa.

Jana walikuja watu kutoka Kipalapala, shamba la seminari, na injini ya maji juu ya baiskeli. Inapandisha mlio yenyewe kisha inazima. Nikawaambia hapa hakuna fundi tena, waende mjini. Basi yeye akainuka. Akaizunguka ile injini, akainamisha sikio walipoivuta kamba, akanyoosha mkono kama anayetaka kuishika. Halafu akaurudisha mkono.

Akawaambia, "Hii inavuta hewa. Mimi sijui kupima kuvuta, ila yuko ajuaye. Iacheni hapa mpaka mwanangu aje."

Wameiacha. Iko katikati ya ukumbi wangu inanuka petroli, na yeye ameketi kando yake tangu asubuhi anamsubiri mtu. Njoo na treni ya Jumatano, nitakuwa stesheni. Usitegemee kwamba nitakuchekea. Lakini uje, Batuli, maana tangu jana chai yake anainywa.

Mama yako mdogo,
Maua